Sikuokolewa Hombolo, nilijiokoa mwenyewe

Haya wakuu, naona wote mmeshaiona. Mama mkwe Kondoa kaiona, mwenye nyumba kaiona, hadi dogo anayeuza vocha pale getini leo asubuhi kaniuliza, "Braza, umeshakauka?" Fundi Simu, huyu mshkaji wa Majengo mnayemjua, karusha klipu kwenye kila grupu alilomo na mengine sijui kaingiaje, na chini yake kaandika JAMAA KAVULIWA HOMBOLO, akaishia hapo. Hakuna maelezo, hakuna kabla wala baada. Mnachokiona nyie ni mtu mzima katikati ya bwawa kakumbatia dude la rangi ya chungwa, mzee wa mtumbwi anamzunguka, halafu inakata. Mengine mnajaza wenyewe. Kuna mmoja kasema nilikuwa natoroka deni.

Ndio maana naandika usiku huu huu na mkono wa kulia bado hauinuki vizuri, kabla haijafika kwa baba mdogo, bahati nzuri yeye bado anatumia kitochi kwa hiyo muda kidogo ninao. Hoja yangu ni moja na nitaisema mpaka mwisho: sikuokolewa. Nilijiokoa. Kuna utaratibu wake, unafundishwa, na niliufuata. Hilo la rangi nitalifikia, msinisukume.

Kwanza ile siyo parachuti, na siyo mwamvuli, na siyo tiara la watoto ingawa mzee wa mtumbwi aliliita tiara kuanzia mwanzo mpaka mwisho na sikuwa kwenye nafasi ya kubishana naye. Ile ni kaiti. Unajifunga mkanda mpana kiunoni wenye ndoano, kaiti inakaa juu huko mita 20 na ushee, imeshikwa kwa kamba nne, miguuni una ubao, upepo unakuvuta unateleza juu ya maji. Olimpiki ya Paris 2024 mchezo huu ulikuwepo, waliuchezea Marseille, watu wamevalishwa medali. Mimi nimeujulia Paje, Unguja, nilipokuwa nafanya kazi kwenye shule moja ya kaiti pale ufukweni, kazi yangu ilikuwa kupiga pampu, kukunja kamba na kubeba mbao za Wazungu, na jioni wageni wakishaenda kuoga na kusi bado inavuma nilikuwa naruhusiwa kuchukua kaiti chakavu nikacheze. Kwa hiyo nyie mnaoandika "kajifunza YouTube huyu" mnanikosea heshima, mimi nimekunywa maji ya Bahari ya Hindi kwa ajili ya huu mchezo.

Niliporudi nyumbani nikaja na kaiti moja ya mita 12 za mraba, mtumba, na fimbo yake ya kushikia na kamba zake. Upepo Dodoma tunao, hilo halina mjadala, mwezi wa nane ukianika shuka Area C unakwenda kulichukua Chang'ombe. Kinachokosekana ni maji. Mtera niliikataa mwenyewe, Mtera kuna mamba na viboko, na mimi nikishavutwa na kaiti sihitaji mwingine wa kunivuta. Ikabaki Hombolo, bwawa la tangu 1957, kama kilomita 40 toka mjini, unapita zabibu za watu unafika. Nilipofika nikauliza habari za mamba. Mama muuza perege akasema hamna. Kijana wa ng'ombe akasema hamna. Mzee mmoja aliyekaa chini ya mgunga akasema, "Hatujaonana naye siku nyingi." Nikachukua wastani.

Sasa hapa ndipo penye ufundi, wasiopenda ufundi rukeni mpaka kwenye bukta.

Zile kamba nne, mbili za mbele ndizo zinazobeba mzigo, mbili za nyuma ni za usukani na za kuongezea nguvu. Ukivuta fimbo karibu na kifua kamba za nyuma zinakaza, kaiti inapokea upepo mwingi, inavuta. Ukiisukuma mbele, inalegea. Halafu juu ya fimbo kuna mkanda mdogo, ndio trima yenyewe, ukiuvuta unafupisha zile za mbele, kaiti inatulia. Ubaya ni kwamba kamba za mbele ndizo zinazovutwa muda wote, kwa hiyo kadiri siku zinavyokwenda zinarefuka kidogo kidogo, na za nyuma zinajikuta zimekuwa fupi bila mtu kuzigusa. Kule Paje bosi wetu alikuwa anazifunga zote nne kwenye mnazi, anarudi nyuma, anavuta fimbo, anaangalia imenyooka au imepinda, ndio anaruhusu mtu aingie majini. Mimi hiyo sikuifanya kwa sababu Hombolo hakuna mnazi.

Msicheke, hiyo ni sababu. Kuna mibuyu, sawa, nani anazungushia kamba mbuyu?

Tena nikaongezea. Huku kwetu tupo juu ya bahari zaidi ya mita 1,000, hewa ni nyepesi, upepo wa kasi ile ile hauna msukumo wa pwani, hiyo ni fizikia wala siyo uswahili. Nikaona kaiti itakosa nguvu, nikazihamisha kamba za nyuma kwenye kifundo cha ndani kabisa zizidi kuwa fupi. Fundi, ambaye ujuzi wake wote ni vioo vya simu na chaji, akainama akaangalia akasema, "Kaka, hapo si ndio unazidi kuikaba?" Nikamwambia wewe shika simu. Na kweli akaishika.

Kazi za Fundi zilikuwa kuiinua kaiti na kuiachia nikimwonyesha dole gumba, basi. Kurekodi hakutumwa na mtu yeyote zaidi ya hilo neno langu moja. Saa nne ilishapita, upepo umeshika, ng'ombe wanakunywa maji pembeni, watoto wa pale wameshajaa na mbuzi wao, akina mama waliokuwa wanaosha vyombo wamesimama na masufuria mkononi. Nikatoa dole. Kaiti ikapanda. Watoto wakapiga ukelele mmoja mkubwa sana mpaka nikajisikia na mimi nipo Marseille. Nikaingiza miguu kwenye ubao, nikaizungusha kaiti, nikanyanyuka.

Nilikwenda wakuu. Hiyo sehemu Fundi kaikata kwenye klipu na Mungu anamwona. Niliteleza mpaka mbali huko, mkono mmoja nikaachia nikawapungia, nikageuka, nikarudi nusu ya njia kichwa juu. Mzee mmoja alikuwa anakagua nyavu zake kwenye mtumbwi, nikapita karibu naye nikampa na yeye mkono. Hakujibu, aliniangalia tu.

Halafu upepo ukapumua.

Baharini upepo wa kusi unakuja umenyooka, unaweza kuuegemea. Huku bara unakuja kwa mafungu, umezunguka vilima na joto la ardhini, unakata, unarudi, unakata. Ulivyokata mimi nikavuta fimbo kifuani ili nisizame. Hilo ndilo jambo ambalo kaiti yenye kamba za nyuma fupi haitaki kabisa ulifanye. Nikainua macho nikaiona imesimama. Haiendi kushoto, haiendi kulia, imesimama pale juu inatetemeka masikio, na mimi najua kabisa kinachofuata ila mikono haijapata taarifa, badala ya kusukuma fimbo inazidi kuvuta. Ikaanza kurudi kinyumenyume polepole kama bajaji inayogeuza pale sokoni. Nyuma, nyuma, nyuma, ikashuka kwa matako, paa, majini. Na mimi nikazama mpaka shingoni.

Sauti mnayoisikia kwenye klipu hapo, ile ya "meeeh mamaaa", ni mbuzi. Nimeisikiliza mara nyingi kwa earphone. Ni mbuzi.

Sikuogopa. Kuangusha kaiti ni kawaida, unavuta kamba moja ya nyuma inajigeuza inapanda tena. Nikavuta. Ikajigeuza, ikanyanyuka kidogo, ikarudi kinyumenyume, ikakaa. Nikavuta tena, ikakaa tena. Nikasema ngoja nivute trima nifupishe za mbele, nikavuta mkanda, ukaja vizuri, nikaachia, ukarudi wote. Yale meno ya kuubana yalishakwisha zamani, na yule aliyeniuzia Paje alisema "haya unayasafisha tu kwa mswaki."

Nikiwa naushikilia ule mkanda kwa meno yangu mwenyewe, kweli kabisa, nimeung'ata, ndipo ikatokea chamchela. Niliiona ikitokea kwenye mashamba upande wa pili, mnara wa vumbi, imebeba mifuko ya rambo na majani makavu, inakuja haina haraka. Kwenye kingo za bwawa vumbi likakatika, nikadhani imekufa. Haikufa, ilikuwa imevua nguo tu. Ikaikuta kaiti imelala pale, ikaichukua. Nayo ikapanda vizuri kuliko wakati wote, ikapiga mzunguko mmoja mkubwa wa duara, na mimi nikatoka majini wima mpaka magotini, ubao ukabaki nyuma, nikarudi kwa uso, nikaburutwa kifudifudi mdomo wazi, nikinywa Hombolo. Lile bwawa limejaa tope miaka mingi, nyie mnaosoma mnajua, basi sehemu ya lile tope sasa hivi ninayo mimi.

Nikapiga kifyatuo. Hicho ni kitu cha kusukuma kwa mkono mmoja, kaiti yote inaachia, inabaki imeshikwa na kamba moja tu ya mbele, inakosa nguvu, inaanguka ubavu. Ikaanguka. Kimya. Nikaelea pale, jaketi limenishika vizuri, ila ule mkanda wa kiunoni ulikuwa umepanda hadi makwapani na ndoano ipo chini ya kidevu. Kumbukeni hilo la mkanda kutoka kiunoni. Baadaye lilikuja kunigharimu.

Kuanzia hapa nataka wote mnaosema "kaokolewa" msome polepole. Somo la kujiokoa kwenye kaiti linafundishwa mapema kabisa, kabla mtu hajakanyaga ubao. Unaifuata kaiti kwa ile kamba moja, unavuta mkono baada ya mkono. Hauzungushi kamba mkononi hata kidogo, maana upepo ukiirudia kaiti inaondoka na vidole vyako. Ukifika kwenye fimbo unapiga fundo ili isije ikapata nguvu tena, halafu unakunja kamba zote kwenye fimbo huku unasogea, unasogea, mpaka unaigusa kaiti. Na kaiti ndiyo boya lako, huiachi. Mrija wake wa mbele umejaa hewa, hauzami. Ndugu wawili wa Kifaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, ndio waliosajili hilo wazo la mirija ya hewa mwaka 1984, ili tiara likianguka majini lielee na lirushwe tena. Niliwaombea dua wote wawili pale pale.

Basi nipo nakunja. Nimefika kama nusu, nahema, nasikia kafi nyuma yangu, chap, chap. Ni yule mzee.

"Mbukwenyi!"

Jamani, salamu ni salamu. Nikaitika, maji yakaingia, nikakohoa, nikaongeza na shikamoo.

"Marahaba mwanangu. Habari za mjini?"

"Nzuri mzee."

"Wazazi hawajambo?"

"Hawajambo mzee." Nakunja kamba.

"Na hili tiara lako limekuwaje?"

"Lipo sawa tu mzee, huu ni utaratibu."

Akaangalia utaratibu. Akasema, "Panda basi nikutoe." Na hapa ndipo nilipokataa, nina mashahidi, mzee mwenyewe shahidi. Nikamwambia asante sana mzee wangu ila najiokoa, ndivyo tulivyofundishwa. Akasema haya. Hakuondoka lakini. Akawa ananifuata kwa pembeni, kafi moja moja, na stori za bei ya mbegu za alizeti.

Nikaifikia kaiti. Nikailaza mgongo, nikaegemea ncha moja, nikazivuta kamba fupi za ncha ya pili mpaka ikajikunja ikakamata upepo. Na ikaenda! Ikawa tanga. Inanivuta taratibu kuelekea upande upepo unakokwenda, kule kwenye bustani za mchicha na nyanya, mimi nimelala juu ya mrija nimetulia kabisa, wale watoto wanakimbia kando ya bwawa kunifuata, na Fundi anakimbia nao simu mbele. Hicho ndicho kipande mlichokiona. Mtu aliyekumbatia dude. Yule mtu alikuwa kazini.

Mzee akasema, "Mwanangu, huko mbele..."

Nikamwambia, "Nafahamu mzee, upepo unanipeleka ufukweni."

Akasema, "Hapana, nilikuwa nasema huko mbele..."

"Nafahamu mzee wangu, usijali."

Akasema haya.

Mbele yangu kulikuwa na vipande vya kandambili vinaelea. Kimoja cha bluu, hatua chache kingine cha bluu, kingine chekundu, vimejipanga mstari. Nikawaza watu hawa wanatupa takataka bwawani bila aibu, serikali ya kijiji ipo wapi. Ndio yalikuwa maboya ya nyavu.

Bukta. Karibuni mliokuwa mmeruka.

Bukta yangu ilikuwa ya baharini hasa, ya Paje, ina mfuko pembeni unaofungwa kwa ile manyoya ya kukwaruza, krrrp. Unajua manyoya yale yakikutana na nyavu ya perege? Hayaachani. Nilisikia kitu kimenishika paja kwa upole. Nikapiga teke, kikashika na paja la pili. Kaiti mbele inaendelea na safari, imekamata upepo, mimi nimeikumbatia siwezi kuiacha maana ndiyo boya langu, na huko nyuma nyavu imeshika bukta, na ule mkanda ambao kazi yake nyingine ni kuzuia bukta isiende kokote ulikuwa makwapani. Nikanyooka. Miguu kusini, mikono kaskazini. Bukta ikaanza safari yake ya kushuka, kidole kwa kidole, na mimi sina mkono wa kuizuia kwa sababu mkono mmoja upo kwenye ncha na wa pili umeshika kamba.

Mzee akashika ukingo wa mtumbwi, macho yamemtoka. "Usivute! Usivute nyavu yangu, nimeikopa!"

"Sivuti mimi, ni upepo!"

"Iachie basi hiyo tiara!"

"Siruhusiwi kuiachia!"

"Nani kakukataza?"

Swali zuri. Nilitaka kumjibu. Upepo ukaongeza fungu moja, nyavu ikakaza, nikasikia sauti ndefu krrrrrrp kutoka kiunoni mpaka magotini mpaka vifundoni, halafu wepesi mkubwa sana, nikasonga mbele bila kizuizi chochote. Ng'ambo kule wale akina mama wakageuka wote kwa pamoja. Watoto hawakugeuka.

Haya, rangi. Mimi ni Simba. Baba Simba, babu Simba, grupu letu la Msimbazi mimi ni admini wa pili. Ile boksa ilikuwa ya kijani na njano, rangi za Yanga. Mama watoto alinunua pakti ya mchanganyiko Sabasaba, zipo tatu, nyekundu ilikuwa imefuliwa. Hayo ndiyo maelezo yote, sina mengine, na aliyechora duara kwenye ile picha na kuandika "HATIMAYE KAJITANGAZA" nitamtoa grupuni nikishapata nguvu mkononi.

Mzee wa mtumbwi yeye aliiona, uso wote ukafunguka. "Kumbe mwananchi mwenzangu!"

Sikujibu kitu. Akaruka toka kwenye mtumbwi kwenda kuikwamua nyavu, akasimama. Nasema akasimama, maji yanamfika kiunoni. Nikashusha miguu taratibu, nikakuta tope, nikazama kidogo, nikasimama na mimi. Nimeogelea na kukunja kamba na kuomba dua za Wafaransa, na sijui ni tangu wapi nilikuwa naweza kutembea. Hilo Fundi hakulijua, mmelisikia kwangu.

Tukatoka. Mama mmoja, Mungu amzidishie, akanirushia khanga, imeandikwa Mgeni njoo mwenyeji apone, na Fundi akasogea karibu kabisa ili maandishi yasomeke. Mzee akatandaza nyavu, akahesabu matundu, akasema elfu 40. Mfukoni sina kitu kwa sababu sina mfuko. Fundi ana elfu 18 ya mafuta ya pikipiki. Tukaomba, mzee akaweka mikono kiunoni, akaniangalia, akasema, "Kwa mwananchi mwenzangu nitapunguza. Ila nisikie kwanza." Nikamwuliza asikie nini. Akasema, "Unajua mwenyewe."

Na simu ipo pale, hatua mbili.

Klipu ya pili mtaiona kesho, Fundi kasema anaihariri sauti. Kwa hiyo acha niseme mwenyewe: ndiyo, nilisema. Daima mbele, nyuma mwiko. Nilisema kwa sauti, nimevaa khanga, na kaiti yangu imerudi kinyumenyume mchana kutwa. Ikawa elfu 15. Wanamsimbazi, fikirieni, elfu 25 nzima niliyookoa. Mngefanyaje nyie?

Mengine ni mafupi. Kaiti wakati tunaibeba ikapita kwenye mwiba wa mgunga, psss, mrija wa mbele kwisha, sasa ina kiraka cha tairi la baiskeli. Pikipiki iliishiwa mafuta njiani, tukasukuma. Zahanati nikaenda kuuliza habari za kichocho, nesi akasema vipimo vya mapema havioni kitu, nirudi baada ya wiki kadhaa, akaniuliza niliingia majini kufanya nini, nikamwambia kuoga. Mama watoto hasemi na mimi, anasema na boksa ile, kaianika mbele ya nyumba, barabarani kabisa.

Jioni hii mzee kapiga simu, namba kaipata kwa Fundi. Kasema ubao wangu umeonekana, upepo uliusukuma mpaka kule wanakoshushia samaki, akina mama wanautumia kuparia perege. Nikamwuliza naupataje. Akasema njoo na elfu 10, ila nisiwe na haraka, wameupenda, ule wao wa zamani ulikuwa unateleza na huu una vile vishikio vya miguu, kisu kinakaa vizuri.